Maswali ya Wasomaji: Praima ya Kopo kwa Visanamu vya Mchezo

SWALI: Nimepuliza praima nyeupe (rangi ya msingi) kwenye visanamu vya plastiki. Vimekauka vikiwa na chengachenga kama msasa, na nikivigusa unga unabaki kidoleni. Nimeuziwa kopo bovu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kopo lina uwezekano mdogo wa kuwa na kosa. Unga huo ni rangi iliyokaukia hewani kabla ya kutua. Hutokea ukipuliza kwa mbali mno, kwenye upepo au jua kali. Kaa sentimita 20 hadi 30. Tikisa kopo dakika mbili kamili, na uanze kuhesabu pale gololi ya ndani inapoanza kugonga, maana kabla ya hapo rangi imelala chini na unachopuliza ni gesi na kiyeyushi. Bonyeza kopo likielekea pembeni mwa kisanamu, pitisha haraka, achia ukishakipita. Puliza mikono (matabaka) miwili au mitatu miembamba, dakika 10 hadi 15 kati ya mmoja na mwingine. Plastiki ikionekana kidogo baada ya mkono wa kwanza, iache. Anayetaka kumaliza kwa mkono mmoja ndiye anayezika nyuso.

Kwa pwani kuna jambo la pili: unyevu hewani. Ukizidi asilimia 70 hivi, subiri. Alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote. Jaribu kati ya saa tano na saa tisa mchana, kivulini, visanamu vikiwa ndani ya boksi la kadibodi lililolazwa ubavu ili kukinga upepo. Na kila siku anza na kijiko cha plastiki. Kikitoka na unga, rudisha kopo kabatini.

Vilivyoharibika vinaokoleka. Viloweke kwenye Dettol ya kahawia, isiyotiwa maji, kwa saa 24. Vaa glavu, sugua kwa mswaki mkuukuu, kisha suuza kwa Dettol nyingine kwanza, ndipo maji na sabuni. Ukikimbilia maji, rangi iliyolainika hugeuka ulimbo na kunasa kwenye kila mkunjo. Njia hii ni ya plastiki ngumu na chuma tu. Resini (plastiki ya kumimina kwenye kalibu) nyingine hulainika. Tina, kiyeyushi cha rangi, usiiguse kabisa, itayeyusha plastiki yenyewe.

SWALI: Praima ya kijivu ya mafundi wa magari ni ya bei nafuu zaidi. Inafaa?

JIBU: Mara nyingi inafaa, mradi lebo iseme inashika plastiki na inakauka bila kung'aa. Epuka ile ya kujaza mikwaruzo. Imetengenezwa nzito makusudi ili izibe mikwaruzo ya mlango wa gari, na kwenye kisanamu cha milimita 28 itaziba macho na vidole vilevile. Osha kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, hasa resini, ambayo hutoka kiwandani na mafuta ya kuitolea kwenye kalibu. Praima ikikaa juu ya mafuta hayo hubanduka kama ganda. Na kama umejenga mlima kwa lile povu jeupe la kufungia televisheni, lipake kwanza gundi nyeupe ya mbao. Spreyi ikiligusa likiwa tupu, litaliwa mashimo.

SWALI: Mjomba anakuja kwa ndege kutoka Dubai. Aniletee kopo la praima ya Citadel, chapa ya rangi za visanamu?

JIBU: Asijaribu. Rangi ya spreyi inayowaka hairuhusiwi kwenye begi la mkononi wala la chini. Mwombe chupa ya Vallejo Surface Primer, praima ya maji, inayopakwa kwa brashi. Ipo ya chupa ndogo na kubwa. Paka nyembamba na uiache siku nzima. Usiipige msasa, hubanduka vipande kama ngozi.

SWALI: Nyeusi, kijivu au nyeupe?

JIBU: Rangi za maji maji kama Contrast ya Citadel, zinazopitisha rangi ya chini, zinataka msingi mweupe au kijivu hafifu. Deraya za chuma, nyeusi. Ukiwa na makopo mawili, puliza nyeusi pande zote, ikikauka puliza nyeupe kutoka juu tu, kwa mshazari. Vivuli vitajichora vyenyewe chini ya kidevu na kwapani, na utajua pa kuweka mwanga kabla hujashika brashi.