Karoti za kwenye ndoo kutoka na miguu miwili

Unasema ulihamishia miche ya karoti kwenye ndoo, na sasa karoti zimetoka na miguu miwili. Zimegawanyika kwa sababu ulihamisha miche. Ncha ya mzizi ikikatika, hata kidogo tu, mzizi unatawanyika pembeni. Kokoto na samadi mbichi huleta shida hiyohiyo. Sia mbegu papo hapo kwenye ndoo yenye kina cha sentimita 30, iliyotobolewa chini, yenye udongo uliochekechwa, mchanga na mboji iliyooza kabisa. Fukia sentimita 1 tu. Funika na gunia lililoloweshwa na uliondoe mara majani madogo ya kwanza yanapochomoza, kati ya siku 10 na 21. Katika siku hizo ndipo wengi hukosea: udongo wa juu ukikauka, mbegu iliyoanza kuchipua inakufa. Baadaye punguza miche kwa mkasi, using'oe, ukiacha sentimita 5 kati ya mche na mche.