Nilishona jinzi EPZ miaka sita, wacha nijibu hii ya sheria za Ulaya

Kuna mwenzetu ameuliza kama hizi sheria za Ulaya na Marekani za kubana kampuni za nguo zitamsaidia mfanyakazi wa EPZ (eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje) ama ni kelele tu, halafu mwingine akamjibu ati "wakibanwa wataenda kwingine na dada zenu watabaki bila kazi." Nimesoma yote mawili nikaona siwezi kunyamaza. Nilishona Athi River miaka sita, kiwanda sitakitaja. Kazi yangu ilikuwa mfuko wa nyuma wa kulia, wa kushoto alikuwa anashona mama mwingine mbele yangu, tageti sabini kwa saa. Ukikosa tageti jina lako linaandikwa kwa ubao mbele ya laini na chaki nyekundu kila mtu aone.

Kwanza ukaguzi, kwa sababu hapo ndio watu mnadanganywa sana. Tulikuwa tunajua wakaguzi wanakuja wiki mbili kabla. Ghafla choo kina sabuni, mlango wa dharura uliokuwa umezibwa na maboksi mwaka mzima unafunguliwa na kupakwa rangi, tunapewa maski asubuhi na jioni zinarudishwa stoo zikihesabiwa moja moja. Vibarua wasio na kontrakti wanaambiwa kesho msije. Halafu supavaiza anapita kwa laini anatufundisha kama watoto wa nasari, "ovataimu mnafanya kwa nini?" na sisi wote "kwa hiari!" Kuna msichana alijibu "kwa lazima" akidhani ni mchezo, laini nzima tukacheka hadi machozi. Mwisho wa mwezi kontrakti yake haikuongezwa.

Na hio si mambo ya kwetu pekee. Karachi, Septemba 2012, kiwanda cha Ali Enterprises kiliungua wakafa watu zaidi ya 250, madirisha yana vyuma na milango imefungwa, na kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, kile cha kimataifa cha kusema hali ya kazi ni nzuri, wiki chache tu kabla. Rana Plaza kule Bangladesh, 24 Aprili 2013, nyufa zilionekana siku moja kabla, benki iliyokuwa jengo hilo hilo ikaambia watu wake wasije, wa nguo wakalazimishwa kurudi kwa mashine. Watu 1,134 wakafa, na baadhi ya viwanda vya humo ndani vilikuwa vimekaguliwa pia. Kwa hivyo mtu akiniambia sheria mpya itaongeza ukaguzi, mimi nasikia sabuni imerudi choo kwa siku moja.

Sasa hapa ndio pointi yangu. Supavaiza anakupigia kelele ndio, lakini presha haijaanza na yeye. Kuna oda moja tulikuwa tumeshaingia katikati, bandali (vipande vilivyofungwa pamoja) zimepangwa hadi kwa korido, mwenye lebo, yaani kampuni iliyoagiza, akaamua ile nakshi ya mfuko wa nyuma ibadilishwe, uzi wa rangi ingine na mshono uwe mbili badala ya moja. Tukafumua. Mimi peke yangu nilifumua mifuko siku mbili mpaka vidole vikatoka malengelenge. Tarehe ya meli Mombasa haikusogezwa hata siku moja, na mkikosa meli mzigo unaenda kwa ndege na anayelipa ndege ni kiwanda, si yeye aliyebadilisha mawazo. Tukafanya kazi hadi saa nne usiku siku tisa mfululizo na Jumapili ndani, halafu unatoka hapo unatafuta matatu ya Mlolongo saa hizo na wewe ni mwanamke peke yako. Ukutani kando ya saa kulikuwa na karatasi ya maadili ya kampuni ile ile, imewekwa glasi vizuri, inasema ovataimu isizidi kiasi na iwe ya hiari. Karatasi ya bei ya dukani tulikuwa tunaifunga kwa suruali sisi wenyewe kwa finishing, hatua ya mwisho kabla iingie boksi, na wakati huo bei ya suruali mbili tu ilikuwa karibu mshahara wangu wa mwezi.

2020 ndio ikawa mbaya zaidi. Oda imekwisha, iko kwa maboksi, gundi bado haijakauka, inakuja barua pepe imekatwa kwa sababu ya korona. Tukatumwa nyumbani bila malipo. Dunia nzima ilikuwa hivyo, kampuni kubwa zilikataa kulipia nguo ambazo zimeshashonwa, mpaka watu wakaanza kuziaibisha mtandaoni ndio baadhi zikalipa.

Kwa hivyo ukiniuliza sheria ipi inasaidia, mimi naangalia kitu kimoja tu, kama inamshika mwenye lebo mwenyewe kwa pesa. Ufaransa walitunga yao 2017, Ujerumani yao ikaanza 2023, zote zinataka kampuni kubwa ijue nini kinaendelea kwa viwanda vinavyowashonea. Si mbaya, lakini nyingi ya hio inaishia kuwa fomu, na fomu inateremshwa hadi kwa meneja wa kiwanda ajaze yeye. Umoja wa Ulaya nao wakapitisha yao 2024, na kabla hata haijaanza kufanya kazi, mwaka 2025 wakaanza kuisogeza mbele na kuipunguza makali. Hapo sina la kuongeza.

California ndio walinifurahisha. Sheria yao ya 2021 ilikataza kulipa washonaji kwa kipande, na ikasema kampuni iliyoagiza nguo inawajibika kwa mshahara pamoja na mwenye kiwanda, hata kama kuna madalali watatu katikati. Inahusu washonaji wa kule kwao tu, lakini hio ndio lugha ninayoelewa.

Bangladesh baada ya Rana Plaza pia. Kampuni zaidi ya 200 zilisaini mkataba wa usalama wa majengo pamoja na vyama vya wafanyakazi, mkataba wenye meno. 2016 vyama vikapeleka kampuni mbili kwa mahakama ya usuluhishi The Hague, Uholanzi, kwa kuchelewesha marekebisho, kesi zikaisha kwa maelewano na moja ikakubali kulipa dola milioni 2.3. Na Lesotho, wale ni jinzi kama sisi, 2019 baada ya kufichuliwa masupavaiza walikuwa wanaitisha wanawake mwili ndio wapewe kontrakti, Levi's na wenzake wawili wakasaini na vyama vya wafanyakazi na vya akina mama kwamba kiwanda kisiporekebisha oda zinapunguzwa. Wenye kiwanda wakakubali. Wamama wenzangu mnajua ile kitu naongelea, sitaieleza hapa.

Sasa wewe unayesema wataenda kwingine. Hawassa, Ethiopia, mshonaji alikuwa anaanzia kama dola 26 kwa mwezi, sheria ya kima cha chini cha mshahara kwa kampuni binafsi haikuwapo, lakini vita vilipoingia na Marekani ikatangaza kuwatoa AGOA, ule mpango wa kuuza Marekani bila ushuru, kampuni moja kubwa ya pale ikafunga na kuondoka 2021. Bei ya chini iliwasaidia nini? Na Bangladesh na mkataba wao wote mauzo yaliendelea kupanda miaka iliyofuata. Hawa watu wanafuata ushuru, kitambaa, bandari na watu waliojua kazi. Mshahara wangu ulikuwa kitu kidogo sana kwa ile bei ya dukani, msinifanye niamini ndio uliwaleta.

Kwa yule aliyesema dadake anaanza kazi mwezi ujao, kuna hii. Kwa ukuta wa choo atapata bango lenye namba ya simu ya malalamiko ya kampuni, kwetu ilikuwa ya Kiingereza tupu na simu zetu zilikuwa zinaachwa getini. Asitegemee hio. Siku hizi malalamiko yanaweza kufika mpaka ofisi za serikali kule Ujerumani kupitia chama cha wafanyakazi, lakini watamuuliza ni nguo ya nani na oda gani. Hio iko kwa ile karatasi ndogo inayofungwa kwa kila bandali, namba ya oda, namba ya staili, saizi. Aikariri hapo kwa mashine, akifika nyumbani aandike kwa kitabu na tarehe, na payslip zote asitupe hata moja.

Mimi nilitupa zangu.