Je, modeli inaweza kutabiri mzigo ambao seva haijawahi kuubeba?

SWALI: Nasimamia seva ya chama cha akiba na mikopo hapa Dar es Salaam. Kwa mwaka mzima tumehifadhi, dakika kwa dakika, idadi ya miamala inayoingia, matumizi ya prosesa na diski, na muda ambao mfumo huchukua kujibu. Mwenzangu ametumia data hiyo kufundisha modeli ya miti ya maamuzi, yaani programu inayojifunza kutokana na data na kufikia makadirio kwa mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana, nayo inakadiria muda wa kujibu kwa kosa dogo sana. Mwakani tunatarajia miamala iongezeke maradufu, lakini modeli inasema muda wa kujibu utabaki karibu sawa na ule wa siku za mishahara. Je, tuiamini?
Msomaji, Sinza

JIBU: Kwa hilo la mwakani, msiiamini. Modeli ya aina hiyo hukadiria kwa kuchukua wastani wa mifano iliyokwisha kuiona, kwa hiyo haiwezi kutoa muda mrefu kuliko ule mrefu kabisa uliomo katika data yenu. Mkiipa mzigo mara mbili ya ule wa siku za mishahara, itawarudishia majibu ya siku za mishahara, hata kama seva yenyewe ingekwisha kuelemewa zamani.

Kitakachowasaidia kuona mbele ya data yenu ni hesabu ya foleni, yaani hesabu ya muda ambao kazi husubiri zamu yake, nayo ni ya zamani kuliko kompyuta: Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha andiko lake la kwanza kuhusu wingi wa simu mwaka 1909. Katika umbo lake rahisi, ambapo mhudumu ni mmoja na miamala huingia bila mpangilio, muda wa kujibu ni muda wa kuhudumia muamala mmoja ukigawanywa kwa sehemu ya uwezo iliyobaki bila kutumika. Tuseme muamala mmoja huchukua milisekunde 20 pasipo foleni. Matumizi yakifika asilimia 50, jibu litachukua milisekunde 40; kwa asilimia 80 litachukua 100, kwa 90 litachukua 200, na kwa 95 litachukua 400. Kupanda kutoka 90 hadi 95 ni hatua ambayo msimamizi haishtukii anapotazama chati ya prosesa, kumbe wateja wanasubiri mara mbili ya awali. Na ikiwa siku za mishahara seva yenu hufika asilimia 60, mzigo maradufu unadai asilimia 120, yaani foleni itazidi kurefuka mpaka miamala ianze kukatika.

Wekeni nakala ya mfumo kwenye seva ya majaribio, muipandishie mzigo hatua kwa hatua hadi ielemewe, kisha muongeze vipimo hivyo katika data ya mafunzo. Baada ya hapo ni vyema modeli ikadirie tofauti kati ya hesabu ya foleni na hali halisi, badala ya kukadiria muda wote peke yake.

Hilo kosa dogo nalo lina mashaka. Kama mwenzako aligawa data kwa kuchanganya dakika ovyo, modeli ilipimwa kwa dakika zilizo jirani kabisa na zile ilizofundishwa, na mtihani wa namna hiyo ni mwepesi mno. Ifundisheni kwa miezi 9 ya mwanzo, muipime kwa 3 ya mwisho. Ikifaulu hapo, itumieni kukadiria hali ya kesho na kutambua seva inapochelewa kuliko kawaida yake, kazi ambayo modeli hizi huiweza vizuri.

SWALI: Je, tununue kompyuta yenye kadi ya michoro kwa ajili ya mafunzo hayo?
Msomaji huyohuyo

JIBU: Hapana. Mwaka mmoja una dakika 525,600, na jedwali la mistari kiasi hicho lenye safu chache linamudiwa na kompyuta ya mezani ya kawaida. Fedha hiyo inunulieni seva ya majaribio.