Dada, usilipe kabla hawajakwambia utalala wapi kila usiku

Usilipe. Wala hiyo nusu ya kushikilia nafasi usiitume. Nimeiona picha ya kipeperushi uliyobandika, basi jeupe linakata mchanga na bahari kushoto, tumbo likanisokota, maana picha ya aina hiyohiyo ndiyo iliyonitoa pesa mfukoni.

Kwa wanaoingia sasa hivi kwenye uzi: dada kauliza abebe nguo gani, kama chakula halali kinapatikana, atembee na pesa taslimu au kadi, na kama bi mkubwa wake mwenye magoti mabovu ataimudu safari ya kundi ya "pwani ya kaskazini na utamaduni wa Wamaori", wale wenyeji wa asili, huko Nyuzilandi, mwezi wa Februari. Wakala kampa punguzo linaloisha Ijumaa. Wachangiaji mpaka sasa mmemjibu habari za sweta. Sweta!

Dada, fungua ratiba yako siku ya pili. Imeandikwa "Bay of Islands na Waitangi". Imeandikwa utalala wapi? Haijaandikwa. Siku ya tatu, "Cape Reinga na ufukwe wa Ninety Mile". Utalala wapi? Kimya. Sasa panda juu kabisa, kwenye yale maandishi ya dhahabu: "Malazi ya nyota nne katikati ya Auckland". Hapo ndipo ulipofichwa mfupa.

Kutoka Auckland mpaka Paihia, ule mji mdogo ulio jirani na Waitangi, ni kama kilomita 230. Barabara ni ya vilima na kona, basi linachukua zaidi ya saa tatu likiwa halijasimama. Kutoka Paihia mpaka Cape Reinga, ile rasi ya huko juu mwisho wa nchi, ni zaidi ya kilomita 200 nyingine kuelekea kaskazini. Yaani wanataka ulale Auckland, uamshwe alfajiri, upelekwe pwani uione kidogo, urudishwe Auckland usiku, na kesho yake uamshwe tena. Ni sawa na mtu alale Dar, akale chakula cha mchana Morogoro, arudi Dar jioni, halafu awaambie watu alikuwa likizo Uluguru.

Mimi nilimuuliza wakala wangu swali hili, msinione mjinga kiasi hicho. Kijana mtanashati, ofisi ya vioo hapa Dubai, kahawa unaletewa na kisahani cha tende. Nikamuuliza, "Kutoka hotelini mpaka huko pwani ni mbali?" Akacheka. "Kaka, nchi yenyewe ndogo ile, kila kitu kipo karibu." Nchi ndogo! Nchi ambayo eneo lake linaizidi Uingereza nzima. Kumbe yeye mwenyewe hajawahi kufika, ramani aliyonayo ni ile ya nyuma ya kipeperushi, ambayo Auckland na Cape Reinga zimetenganishwa na upana wa kidole gumba. Nilipomrudia na malalamiko akaniambia mkataba unasema "kutembelea", hausemi "kukaa". Nikasoma. Kweli unasema hivyo. Nikanywa na kahawa yake ya pili ili angalau nipunguze hasara.

Sasa nikueleze hasara yenyewe ilivyokuwa, usidhani ni uchovu tu.

Siku ya kwenda Waitangi tuliamshwa saa kumi na moja alfajiri. Njiani tukasimama Kawakawa kuviona vile vyoo vya umma alivyovibuni msanii Hundertwasser, vina nguzo za vigae vya rangi na chupa zilizojengewa ukutani. Ni vizuri, sikatai. Ila watu wengi, foleni moja, na mwisho wa siku nikagundua tumekaa vyooni muda mrefu kuliko tuliokaa kwenye jumba la makumbusho la Waitangi, kwa sababu makumbusho hatukuingia kabisa. Hapo ndipo palipotiwa saini mkataba wa tarehe 6 Februari 1840 kati ya machifu wa Kimaori na Taji la Uingereza, na makumbusho ndiyo inayokueleza kwa nini watu bado wanagombana juu yake: maandishi ya Kimaori na ya Kiingereza hayakusema jambo moja. Sisi tuliiona kwa nje, tukipita mbio kuelekea kwenye onyesho.

Onyesho lenyewe ni mapokezi mbele ya Te Whare Rūnanga, ile nyumba ya mikutano iliyofunguliwa 1940, nguzo zake zimechongwa kuwakilisha makabila ya nchi nzima. Kundi lenu lazima liwe na chifu wake. Kwetu alichaguliwa mzee mmoja Mhindi, fundi saa mstaafu, mtu mpole hata sauti hana. Akatoka kijana wa Kimaori na taiaha, ule mkuki wa mti, akiuzungusha, macho yamemtoka, anakuja anarudi, akaweka jani chini mbele ya miguu ya mzee. Mzee akainama taratibu kulichukua, na kama tulivyoelekezwa hakumwondolea kijana macho. Hakuna aliyekohoa. Ndipo mama mmoja akatuita kwa sauti ndefu kutoka barazani, tukavua viatu, tukaingia, wanaume wakasalimiana na mwenyeji kwa hongi, pua kwa pua na paji kwa paji. Baadaye mzee akawa na maswali yake kuhusu zile nguzo, ipi ya nani. Kiongozi wa msafara wetu alikuwa mlangoni anagonga saa yake kwa kidole. Anamgongea saa fundi saa.

Basi tukaondoka. Russell hatukuvuka, ingawa kivuko cha abiria kutoka Paihia ni kama robo saa. Huko ndiko Kororāreka ya zamani, ambako mlingoti wa bendera ya Waingereza ulikatwa mara nne kati ya 1844 na 1845, chifu Hone Heke akiwa ndiye kinara, na kanisa lake mpaka leo lina matundu ya risasi za vita vya 1845. Boti ya kwenda Hole in the Rock, ule mwamba wenye tundu ambao boti hupenya katikati, ratiba ilisema "hali ya hewa ikiruhusu". Hali ya hewa iliruhusu kabisa dada, bahari ilikuwa imelala. Dereva ndiye hakuruhusu, alishakaribia kumaliza saa zake za kuendesha kisheria na Auckland bado iko kilomita 230.

Ya Cape Reinga ndiyo iliyoniuma zaidi. Safari hii walitulaza Whangārei, mji ulio kati ya Auckland na Paihia, tukaona afadhali, kumbe bado ni zaidi ya kilomita 250 kwenda tu. Na ile picha ya basi mchangani? Ninety Mile ina urefu wa kama kilomita 88, msidanganywe na jina, na kisheria ni barabara ya umma. Lakini inapitika maji yakipwa, na mabasi yanayopita ni yale yaliyoundwa kwa kazi hiyo, saa zao za kuondoka zinafuata maji. Wewe mtu wa Tanga hilo hufundishwi. Basi letu lilikuwa la lami, refu, tumbo chini. Tukateremshwa Waipapakauri, pale magari yanaposhukia ufukweni, tukaambiwa "piga picha haraka". Nimepiga. Ninayo picha ya mchanga.

Tulipofika Reinga kwenyewe, watu njaa imewakaba, kiongozi akafungua maboksi ya chakula pale pale, akaanza kugawa mikate tukielekea kwenye mnara wa taa. Pale Wamaori wanapaita Te Rerenga Wairua. Kwa imani yao roho za marehemu zinapita hapo, zinashuka kwenye mizizi ya mti mmoja, mpohutukawa, ulioshikilia mwamba kule chini, ndipo zinaanza safari ya kurudi kwa mababu. Wageni wanaombwa wasile wala kunywa eneo lile. Akaja mama mmoja mtu mzima wa Kimaori, hakupandisha sauti, akasema tu, "Hapa hatuli, wanangu." Niliutia ule mkate mfukoni na mayonezi yake yote. Kundi lililolipia kujifunza utamaduni ndilo lililokuwa linatafuna kwenye njia ya wafu. Na kiongozi, nikiri kwa haki yake, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa kukodishwa Auckland, na yeye ndiyo kwanza anafika.

Ule "usiku wa Kimaori" tuliolipia ulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli, Auckland, haka, ile ngoma yao ya kupiga miguu na kelele, ikipigwa kati ya supu na keki. Vijana walijituma, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba ukumbini humo kulikuwa pia na hafla ya kampuni fulani ya bima, na nusu ya watu hawakugeuza viti.

Msafara ulipoisha sikukubali. Nikabadilisha tiketi ya ndege, nikapanda basi la kawaida la abiria mpaka Paihia, nikalipa kitanda kwa pesa yangu tena. Pale gatini kuna ofisi za kukatia tiketi za boti, za basi la Reinga, za kila kitu. Kila nilichokilipia Dubai nikakilipia upya, na safari hii nikakiona. Basi la mchangani lilitoka Paihia, dereva Mmaori wa huko huko, alisoma dua kabla hatujashuka Reinga, akatueleza mapema kwamba tutakula Tapotupotu, ghuba iliyo karibu, si pale juu. Tukapita kijito cha Te Paki magurudumu yakiwa majini, watu wazima na heshima zao wakateleza vilima vya mchanga kwa vibao, mimi nikiwemo, na suruali ile haijawahi kupona.

Na Waitangi nikarudi, nusu siku nzima bila mtu wa kunigongea saa. Aliyetutembeza ni wa Ngāpuhi, ndilo kabila kubwa kuliko yote ya Wamaori na kaskazini ndiko kwao, akatuonyesha kati ya waliotia saini babu yake ni yupi. Nikaiona ile waka ya vita, yaani mtumbwi, Ngātokimatawhaorua, mita 35, imetengenezwa kwa mikauri mitatu, ile miti mikubwa ya kwao. Nikatembea kwa mguu kuelekea maporomoko ya Haruru, kuna daraja la mbao linapita katikati ya mikoko. Dada, ni mchu! Mchu uleule wa kwetu, umepandisha vipumulio vyake kwenye tope vilevile, umbali wote ule. Nilisimama pale kama mwendawazimu nikiushangaa mti ambao nyumbani tunaukata kuni. Kwenye ule msafara wa kwanza tuliupita kwa basi na pazia limefungwa kwa sababu ya jua.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaiandika hata mkinichoka: usitoe pesa mpaka ratiba iwe na jina la mji utakaolala, usiku mmoja mmoja. Ikisema Paihia, au Russell, au Kerikeri, au Opononi kule upande wa Hokianga ukielekea kuuona Tāne Mahuta, ule mkauri mkubwa maarufu, endelea kusoma. Ikisema Auckland, Auckland, Auckland, funga mazungumzo, punguzo lao wale wenyewe.

Bi mkubwa: magoti yake hayataumizwa na Wamaori, yataumizwa na kiti cha basi. Akilala Paihia ataweza karibu yote. Njia ya mnara wa Reinga imesakafiwa vizuri, ila kwenda ni mteremko, maana yake kurudi ni mlima, mwache achukue muda wake. Kwenye msitu wa Waipoua njia ya kufika Tāne Mahuta ni fupi, ya mbao, na getini mtasugua na kupulizia viatu dawa kwa ajili ya ugonjwa unaoua mikauri. Msiruke hatua hiyo.

Halali: Auckland hamtapata shida. Ila mkialikwa hāngī, kile chakula cha kufukiwa ardhini na mawe ya moto, ulizeni mapema, mara nyingi nguruwe huwa humo pamoja na kuku na kondoo.

Na huyo wakala akikwambia "kibali cha mtandaoni kinatosha", mwambie kile ni cha pasipoti zilizosamehewa viza. Ya Tanzania haimo, wala ya Kenya. Unahitaji viza ya mgeni kabla hujalipa chochote kisichorudishwa, na kama ndege inapita Sydney au Melbourne ulizia na viza ya kupitia Australia. Uwanja wa ndege tangazeni kila chakula mlichobeba. Ukikaa kimya na kisheti cha bi mkubwa kimo kwenye begi, faini ni dola 400 za kwao hapo hapo.

Sasa mwandikie, kwa maandishi si kwa simu: kila usiku tunalala mji gani? Basi la Ninety Mile ni la mchangani au la lami, na linatoka wapi? Waitangi tunakaa saa ngapi, na makumbusho imo? Anayetuongoza kaskazini ni mtu wa kaskazini? Akijibu, bandika majibu hapa kabla ya Ijumaa tuyasome. Akikwambia nchi ni ndogo, nitumie jina la ofisi yake inbox, nataka kujua kama wanatoa kahawa.