Sungura wangu anaharisha, au namlisha kupita kiasi?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina sungura wa kufuga ndani, ana miaka 3. Mwaka jana alikuwa na kilo 2, sasa amefika 3. Bakuli lake la peleti, vile vidonge vikavu vya chakula cha dukani, halikauki, na karoti au kipande cha ndizi hakosi kila siku. Nyasi kavu anazinusa tu na kuziacha. Kwa wiki 2 sasa nakuta kinyesi laini, cheusi, chenye harufu kali, kimenata mkiani na kwenye matandiko. Zile chembe ngumu za kawaida bado zipo. Nimpe dawa ya kuzuia kuharisha, au nimnyime chakula siku moja tumbo lipumzike?

Jibu: Marahaba. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalonitia hofu: usimnyime chakula, hata nusu siku. Utumbo wa sungura huendeshwa na chakula kinachoingia. Kikikatika, mwendo wake hupungua, gesi hujaa, na maumivu humfanya akatae kula zaidi. Kwa sungura mnene kama wako, mafuta ya mwilini nayo huanza kujazana kwenye ini. Nimewahi kuletewa sungura aliyenyimwa chakula siku mbili, tena kwa nia njema kabisa. Alikuwa amejikunyata, masikio yamepoa. Hatukuweza kumwokoa, na mpaka leo namkumbuka.

Sasa tuje kwenye kinyesi. Sungura hutoa cha aina mbili. Cha kwanza ni zile chembe ngumu za mviringo. Chukua moja uivunje kwa vidole, utaona ndani vipande vya nyasi, kama unga wa mbao. Cha pili ni laini, kinang'aa, kimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu. Hiki hutengenezwa kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, ambako vijidudu huchachusha chakula na kuzalisha protini na vitamini. Sungura mzima huinama akakila moja kwa moja kinapotoka, ndiyo maana wengi hufuga miaka bila kukiona.

Kwa maelezo yako, unachokikuta ni hicho cha pili, ambacho hakiliwi. Anayeharisha kweli hutoa majimaji, na chembe ngumu hupotea. Huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari saa hiyo hiyo. Wako ameshiba mno: wanga wa peleti na sukari ya ndizi vimevuruga vile vijidudu, na kitambi kinamzuia kufikisha mdomo nyuma. Pitisha mkono ubavuni. Mbavu zinapaswa kusikika chini ya ngozi bila kubonyeza. Ukilazimika kuzitafuta, amezidi. Dawa ya kuharisha haina kazi hapa. Na usimpe antibiotiki iliyobaki nyumbani: amoksilini ya kumeza huweza kumuua sungura kwa kuangamiza vijidudu vinavyomfaa.

Nyasi, mbichi au kavu, ziwe kama asilimia 80 ya chakula chake, ziwepo usiku na mchana. Peleti zisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito anaostahili kuwa nao, si ule alio nao. Yaani kama gramu 50 kwa siku, na ukiweza kushuka zaidi ni bora. Zipime kwa mizani, jicho hudanganya. Shuka polepole kwa siku 10 hadi 14, huku ukihakikisha anakula nyasi kweli. Ndizi acha kabisa kwa sasa. Najua ni vigumu kumnyima anapokuja kusimama miguuni, lakini mkono mmoja wa majani mabichi anayoyajua humfurahisha vilevile.

Safisha mkia kila siku kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, kisha ukaushe vizuri. Nzi wakitaga hapo, funza huanza kula nyama ndani ya saa chache.

Usisubiri kesho ukiona chembe zimekuwa ndogo kisha zikakoma, amekataa hata anachokipenda, anasaga meno kwa nguvu, au anabana tumbo sakafuni. Saa 12 bila kula ni dharura. Tumbo likiwa gumu kama mpira, usimlishe kwa bomba la sindano, maana sungura hatapiki na huenda njia imeziba, mpeleke.

Na hata kama anaendelea vizuri, mlete wiki hii nimtazame magego. Meno ya sungura hayaachi kukua. Yakitoa ncha kali huchoma ulimi na mashavu, na sungura wa namna hiyo hunusa nyasi akaziacha, kama ulivyoeleza.