Maswali na majibu: Ubishi wa magitaa ya roki

Barua nyingi safari hii zinauliza jambo moja, nani alikuwa bingwa wa gitaa la roki enzi zile. Zilizouliza "nani bora" bila kutaja enzi wala kipimo nimeziweka kando, nazo ni nyingi kuliko zilizobaki. Hapa tunazungumzia Uingereza ya 1965 hadi 1975, wakati ambapo hata Mmarekani Jimi Hendrix ilibidi avuke bahari mpaka London ndipo ajulikane.

Shikamoo. Kila Jumapili tunabishana kijiweni. Mimi nasema Hendrix, wenzangu wanasema kifo ndicho kilichomkuza. Tukate vipi shauri? (Tanga)

Marahaba. Kifo hukuza jina, lakini hakiongezi noti kwenye kanda iliyokwisha kurekodiwa. Hendrix alitua London Septemba 1966, akafia hukohuko Septemba 1970. Katika miaka hiyo minne aliacha albamu tatu za studio na kundi lake la Experience, mbili zikitoka mwaka uleule wa 1967.

Wenzako bila shaka wanasikiliza solo tu. Waambie wasikilize anavyojisindikiza akiimba. Chukua kodi ya G (ya muziki, si ya TRA). Wengi hulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita kwenye freti (kipande cha chuma shingoni) ya 3. Yeye alipitisha kidole gumba juu ya shingo kikabana uzi wa 6 kwenye freti ya 3, ncha yake ikiugusa uzi wa 5 ili unyamaze. Shahada inalala nyuzi za 1 na 2 peke yake, cha kati kinashika uzi wa 3 freti ya 4, cha pete uzi wa 4 freti ya 5. Kidole kidogo sasa hakina kazi, basi kinagonga uzi wa 2 kwenye freti ya 5 na kuachia, kinagonga na kuachia, huku besi ikiendelea kulia. Ndiyo maana mtu husikiliza akadhani magitaa ni mawili.

Jingine ni fidibaki. Ule mluzi wa amplifaya wengine walishaucheza kabla yake, kundi la The Who kwa mfano, ila kwao ulikuwa kishindo cha kumalizia. Hendrix aliufanya noti. Asubuhi ya 18 Agosti 1969, Woodstock, alipiga wimbo wa taifa wa Marekani, na katikati ya mistari yake akaingiza mabomu na ndege kwa mkono wa kutikisa nyuzi na amplifaya iliyoachwa wazi, kisha akaidaka noti iliyofuata bila kupotea. Kelele kila mtu anaweza kuzipiga. Kurudi kwenye wimbo ndiko kunakowashinda wengi.

Kwa hiyo 1967 hadi 1970 nampa Hendrix. Miaka mingine endeleeni kubishana.

Mbona hamumtaji Mbaraka Mwinshehe wala Franco? Hii ni dharau. (Morogoro)

Dharau ni kuwaingiza humu. Hawakupiga roki, ni sawa na kumpeleka bondia kwenye mbio za mita mia halafu umlaumu kwa kukosa medali.

Eric Clapton, Jeff Beck na Jimmy Page wote walipitia kundi la The Yardbirds. Nani mkali wao? (Nakuru)

Afadhali hili, maana watu watatu walikalia kiti kimoja.

Clapton aliondoka Machi 1965 kundi lilipogeukia pop naye akitaka blues. Mwaka 1966 alirekodi na John Mayall, gitaa la Les Paul likiwa limechomekwa kwenye amplifaya ya Marshall iliyopandishwa mpaka ikaanza kukwaruza, tena ndani ya studio. Sauti ile ndiyo maduka ya magitaa yanaiuza hadi leo. Sifa hiyo ni yake na hakuna wa kumnyang'anya.

Page ni mjenzi. Alikuwa mpigaji wa kukodiwa studio kabla ya kujiunga na kundi, kwa hiyo alijua maikrofoni ikae wapi na gitaa la pili liingie wakati gani. Jukwaani vidole vyake mara nyingi vilikimbia kuliko mdundo, na mashabiki wake wanalijua hilo ila hawalisemi. Na ninyi mnaotaka kukopa ili mnunue Les Paul muwe kama yeye, subirini kidogo: albamu ya kwanza ya kundi lake la Led Zeppelin ya 1969 kwa sehemu kubwa ni gitaa la Telecaster, na solo ya Stairway to Heaven ya 1971 ni Telecaster vilevile.

Kwa mikono, Beck anawashinda wote wawili. Katikati ya 1965, kwenye wimbo wa Heart Full of Soul, kundi lilijaribu kwanza sitari halisi (ala ya nyuzi ya Kihindi), sauti ikawa nyembamba. Beck akaupiga mstari uleule kwa gitaa na pedali ya fazi (ya kukwaruzisha sauti), ukakaa. Miaka kumi baadaye alitoa Blow by Blow, mtayarishaji akiwa George Martin, albamu isiyo na mwimbaji na wala humkosi. Tafuta zile noti zinazoingia kama pumzi, bila ule mgongano wa piki (kipande kidogo cha kupigia) na uzi. Anachofanya ni kuupiga uzi volyumu ya gitaa ikiwa sifuri, halafu kidole kidogo kinaifungua taratibu. Jaribuni kufanya hivyo mkiwa ndani ya mdundo, ndipo mtajua kazi iko wapi.

Tahadhari moja kwa mashabiki wa Beck. Acheni kuleta video anazopiga kwa vidole vitupu kama ushahidi wa enzi hii. Piki aliiacha miaka ya 1980. Miaka ya 1960 alikuwa nayo mkononi kama wengine.

Naomba historia ya yule mpiga gitaa wa Queen aliyezaliwa Zanzibar. (Dar es Salaam)

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara mwenye kuuliza hajasoma hata jalada la albamu. Aliyezaliwa Unguja, 5 Septemba 1946, ni Freddie Mercury, jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara. Yeye alikuwa mwimbaji na mpiga piano. Mpiga gitaa ni Brian May, Mwingereza.

Ungeuliza kuhusu May ungepata cha maana. Gitaa lake alianza kulitengeneza na baba yake mwaka 1963: shingo ilitoka kwenye mbao ya meko ya kizamani, matundu ya dumuzi yakazibwa kwa njiti za kiberiti, na springi za mkono wa kutikisa ni za vali za pikipiki kuukuu. Hapigi kwa piki ya plastiki bali kwa sarafu ya peni sita. Sarafu haipindi, kwa hiyo ulaini wote unatoka kwenye vidole vinavyoishika. Na ukiiinamisha kidogo, meno ya ukingo wake yanaukwaruza uzi na noti inaanza kwa ukali.

Nimenunua pedali ya fazi ya Fuzz Face ya transista za germanium nipate sauti ya Hendrix. Asubuhi inalia vizuri, ikifika saa nane mchana inakoroma kama nyuki ndani ya kopo. Fundi anasema nimeuziwa feki. (Mombasa)

Huenda ni halisi kuliko fundi anavyodhani. Germanium huvujisha umeme, na kadiri joto linavyopanda ndivyo uvujaji unavyoongezeka. Pedali iliyorekebishwa kwa baridi ya London, ukiiweka Mombasa mchana, transista ya pili inahama mahali pake na noti inakatikakatika.

Pima kabla ya kulaumu. Weka betri mpya ya volti 9, gusa mguu wa kolekta wa transista ya pili kwa mita, asubuhi na mchana. Inatakiwa isome karibu nusu ya betri, 4.5 hivi. Ikisoma kwa alama ya kutoa usishtuke. Kwenye zile za transista za aina ya PNP, chanya ndiyo iliyoungwa kwenye bodi. Kwa sababu hiyohiyo usiichomeke kwenye adapta moja na pedali zako nyingine, utapiga shoti. Kama mchana kipimo kinahama sana, fundi aondoe rezista ya 8.2k na kuweka ya kuzungusha ya 10k au 20k, kisha airekebishe saa nane mchana, si asubuhi. Hutaki usumbufu huo? Nunua yenye transista za silikoni. Ni kali zaidi masikioni, lakini haijali jua.

Halafu angalia mpangilio. Fazi ikae ya kwanza kutoka kwenye gitaa. Pedali yoyote yenye bafa (saketi ya kuimarisha mawimbi) ikitangulia, sauti inakuwa kavu na volyumu ya gitaa haifanyi kazi yake tena. Na volyumu hiyo ndiyo siri yenyewe: fazi ikiwa imefunguliwa karibu yote, amplifaya ikiwa juu, ukishusha gitaa kutoka 10 hadi 6 au 7 sauti inasafika bila kugusa pedali. Wanaoiacha kwenye 10 usiku kucha ndio wanaokuja kulalamika kuhusu nyuki.

Mimi ni mashoto na nina Stratocaster ya mkono wa kulia. Niigeuze kama Hendrix? (Bukoba)

Geuza, ila kugeuza nyuzi peke yake hakutoshi. Ule mfupa wenye mifereji mwanzoni mwa shingo umechongwa kwa unene wa kila uzi. Uzi wa inchi 0.010 ukikaa kwenye mfereji wa 0.046 utacheza na kuvuma. Weka mfupa mpya wa mashoto. Ni kazi ya saa moja kwa fundi mwenye tupa nyembamba. Hamisha kitufe cha mkanda kwenye pembe ya pili, ukitoboa kwanza tundu jembamba ili mbao isipasuke.

Kisha rekebisha daraja. Piga mlio wa kengele juu ya freti ya 12 (uguse uzi kwa wepesi bila kuubana), halafu bana freti hiyohiyo. Noti ya kubana ikiwa juu kuliko kengele, rudisha kiti cha uzi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Rudia kwa nyuzi zote sita.

Pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya karibu na daraja sasa imeinama kinyume: nyuzi nene zinapata ukali, nyembamba zinapata unene. Hiyo ni sehemu ya sauti ya Hendrix, iache. Lakini volyumu itakuwa chini ya mkono wako wa kupigia na utaigusa bila kutaka. Gitaa kavu lisilo la umeme usiligeuze kabisa, mihimili ya ndani imepangwa kwa upande mmoja na daraja lake limeinama.

Jarida la Rolling Stone wamesema Hendrix ni namba moja. Si ubishi umekwisha? (Nairobi)

Nakubaliana na namba moja yao, ila orodha si hakimu. Mwaka 2003 Mmarekani Duane Allman walimpa nafasi ya 2. Mwaka 2011 akawa wa 9. Allman alifariki Oktoba 1971. Alikosea wapi akiwa kaburini hata akashuka nafasi saba? Na Tony Iommi wa kundi la Black Sabbath aliruka kutoka 86 hadi 25 kwa albamu zilezile za ujana wake.

Ni kweli huyo Iommi hakuwa na vidole? (Arusha)

Alikuwa navyo. Alipoteza ncha mbili, za kidole cha kati na cha pete, kwenye mashine ya kiwanda cha vyuma Birmingham akiwa na miaka 17. Zilikuwa za mkono wa kulia, na kwa kuwa ni mashoto, huo ndio mkono wa kubania nyuzi. Aliyeyusha chupa ya sabuni ya maji akafinyanga kofia za vidole, akazivika ngozi ili zishike uzi. Nyuzi nyepesi za gitaa zilikuwa hazipatikani, akatumia za banjo. Kufikia albamu ya Black Sabbath ya 1971 alikuwa ameshusha gitaa nusu toni tatu, nyuzi zikalegea na vidole vikapata nafuu. Uzito ule mnaouiga kwa kununua vifaa ulianza kama njia ya kupunguza maumivu.

Nani alikuwa na kasi kuliko wote? (Mwanza)

Cherehani.

Nataka ile sauti ya puani ya Peter Green wa Fleetwood Mac kwenye Les Paul yangu. Nigeuze waya za pikapu ya shingoni? (Kisumu)

Tazama waya kwanza. Kama una nyaya nne za rangi, geuza zile mbili za mwisho (ya sauti na ya ardhi), kazi imekwisha. Kama ni waya mmoja uliozungushiwa wavu wa chuma, usiguse: wavu huo umeungwa na kifuniko cha pikapu, na ukigeuza, kila ukikigusa kifuniko kitavuma kwenye spika. Hapo unageuza sumaku. Yeyusha risasi ya kifuniko, legeza skrubu nne za chini, chomoa sumaku na ipindue ili ukingo uliotazama skrubu uelekee upande wa pili. Usivute koili, waya wake ni mwembamba kuliko unywele.

Sauti ya puani utaipata swichi ikiwa katikati tu. Volyumu zote mbili zikiwa 10 itakonda kupita kiasi. Shusha ya shingoni hadi 7 au 8.