Neno "clan" limetoka wapi?

SWALI: Kwenye fishi (fomu) za Kifaransa hapa Lubumbashi, baada ya kijiji na kabila, tunaulizwa "clan". Mwalimu mmoja anasema neno hilo ni Kilatini, mwenzake anasema ni la Waskoti. Nani anasema kweli? Na kwa Kiswahili tuandike nini?
Msomaji, Katuba

JIBU: Ndugu msomaji, walimu wako wote wawili wanasema kweli. Kila mmoja ameshika kipande cha njia.

Kifaransa kililipata "clan" kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wagaeli wa Uskoti, wanaosema "clann". Maana yake ya kwanza kwao ni watoto. Hadi leo, mtu wa Ireland akikuuliza kwa Kiirish, lugha ya Wagaeli wa huko, "An bhfuil clann agat?", anataka kujua kama umezaa. Vivyo hivyo Clann Dòmhnaill, ukoo mashuhuri wa Uskoti, ni "watoto wa Dòmhnall".

Wagaeli nao walilitoa kwenye Kilatini "planta", yaani chipukizi. Hapo wengi hukataa: p imegeukaje k? Jibu lake ni zuri sana. Kiirish cha kale, ambacho ndicho mama wa Kigaeli cha Uskoti, hakikuwa na sauti p. Pale Kilatini kinaposema "pater", baba, Kiirish husema "athair". "Piscis", samaki, ni "iasc". Basi Ukristo ulipowaletea maneno ya Kilatini, p ile ngeni waliitamka k, ambayo wao huiandika c. "Pascha", Pasaka, ikawa "Cáisc". "Purpura", rangi ya zambarau, ikawa "corcur". "Planta" ikawa "cland", baadaye "clann". Majirani zao Wawelshi walikuwa na p, kwa hiyo wao husema "plant", na maana ni ileile: watoto. Ushahidi huo wa Kiwelshi ndio wenye nguvu kuliko wote. Kumbe "plante" na "clan" za Kifaransa ni ndugu, ila moja ilizunguka kwa Wagaeli kwanza.

 

Kwa Kiswahili andika "ukoo". Kosa tunaloliona mara nyingi ni kurudia jina la kabila, na kabila moja lina koo nyingi. Angalia pia upande: ukoo wa Kigaeli kwa kawaida ulihesabiwa kwa baba, lakini kwa Wabemba "umukowa" hufuata mama. Mtoto wa mama Mbemba wa Bena Ng'andu, ukoo wa mamba, ni Mwina Ng'andu, hata kama jina lake la mwisho ni la baba.